Meno Sita ya Mama na Mpiga Picha wa Migori

Nimeshindana bei na watu wagumu maishani. Nimeshindana na akina mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Remba, ambao wakikutajia bei unajisikia kama umetukanwa. Nimeshindana na wauza ng'ombe wa Kegonga, wanaokaa kimya mpaka wewe mwenyewe unaongeza pesa kwa aibu. Shule niliacha darasa la tatu. Lakini nina nyumba za kupangisha Migori mjini na malori mawili, na sokoni hakuna mtu amewahi kunifunga mdomo. Aliyenifunga ni kijana mwenye kamera. Nitaeleza vile ilikuwa, kwa sababu watu wa nyumbani wanaieleza vibaya.

Mama yangu alipotimiza miaka tisini, au karibu hapo, maana hakuna aliyeandika, niliamua kumfanyia sherehe. Nyumbani kwetu ni Homa Bay, kando ya ziwa, mahali unaona kisiwa cha Takawiri asubuhi kama hakuna ukungu. Nilichinja ng'ombe dume, nikasimamisha tenti mbili, nikaita kwaya ya kanisa. Binti yangu mkubwa akasema sherehe bila mpiga picha ni chakula tu. Basi nikatafuta mpiga picha. Si wale wa simu. Nilitaka mwenye kazi yake, kamera imening'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe.

Nilimpata Migori, kijana ambaye si wa kwetu. Alikuwa ametoka pande za Nairobi akafungua studio, na Dholuo, lugha ya kwetu, hajui hata salamu. Tukaelewana kwa Kiswahili: elfu thelathini, picha sitini, zikiwa zimetengenezwa.

"Zimetengenezwa namna gani?" nikamuuliza. "Kwani zitakuwa zimeharibika?"

Akacheka. "Mzee, ni kuediti tu. Naongeza mwangaza, natoa takataka nyuma ya watu, makunyanzi napunguza kidogo. Wewe usijali."

Mimi sikujali. Hapo ndipo nilikosea.

Sasa, mama yangu alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa sherehe hiyo. Keki hakutaka. Hotuba hakutaka. Alitaka picha ya matanga yake. Kwetu mtu akifa picha yake inatangulia. Inakaa kwenye bango pale barabara inapoingia bomani, inakaa mbele ya jeneza, na watu wanaangalia hiyo zaidi ya kumwangalia marehemu mwenyewe. Mama alikuwa ameona wenzake wakizikwa na picha ya kitambulisho, macho yametoka kama mtu aliyeshikwa na askari. Alisema yeye atachagua yake akiwa hai.

"Nikishalala pale siwezi kulalamika," aliniambia.

Baada ya wiki mbili nikazipeleka zile picha sitini kwake. Alikaa mlangoni mwa nyumba yake akazipitia moja moja, akitupa kando. Hii kilemba kimekaa vibaya. Hii nimefanana na dada yangu, na dada yangu alikuwa mchoyo. Mpaka akafika moja ambayo alikuwa anacheka, kichwa kimeenda nyuma, mdomo wazi. Aliishika muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi nina meno?"

Nikaichukua. Kweli, meno ya chini yalikuwa pale, sita, meupe, yamejipanga kama mayai kwenye trei.

Kwa asiyejua: wazee wetu walipokuwa watoto waling'olewa meno sita ya chini, na ndivyo mtoto alihesabiwa kuwa mtu wa kabila lake. Mama alishikwa kichwa akang'olewa yote siku moja, na hakulia, na hilo hajaacha kutuambia. Pengo lile alikuja nalo kwa baba yangu, akatulea nalo, akatugombeza nalo. Mimi kizazi changu tuliponea. Yeye uso wake ni lile pengo, na sehemu nyingine zinalifuata.

Akaiweka ile picha chini polepole. "Wuoda," akasema, maana yake mwanangu, "nikienda na hii, waliotangulia watanifungia mlango. Watauliza huyu mgeni ni nani."

"Tutapiga nyingine."

"Nitacheka tena hivyo na nini? Nilicheka siku ile. Sicheki kwa kuambiwa."

Na ni kweli, mama yangu hacheki ovyo. Ikiwa kuna picha yake ya matanga duniani, ilikuwa hiyo, na ilikuwa ndani ya kamera ya mtu wa Nairobi, vile ilivyokuwa kabla hajaiwekea mkono.

Nikampigia simu. "Mrudishie mama yangu pengo lake."

"Mzee, hayo meno nilimsaidia bure! Hata sikuongeza bei."

"Hakukuomba meno. Nipe ile picha vile kamera iliona. Nipe zote vile kamera iliona."

"Hizo ambazo sijagusa hatutoi, mzee. Ni kama wewe upelekee mteja samaki hujampasua."

"Kijana, mimi nimeuza samaki ambaye hajapasuliwa miaka thelathini! Ndiye alijenga nyumba zangu!"

Kesho yake nikaenda studio. Nikakaa kwenye kile kiti cha kupigia picha za paspoti, mwamvuli mweupe wa taa juu ya kichwa, tukaanza. Alisema kama lazima, basi picha ambazo hazijaguswa ni elfu sitini.

Nilifikiri sikusikia. "Zilizotengenezwa zilikuwa elfu thelathini."

"Ndiyo, mzee."

"Na ambazo hukufanya kitu ni sitini."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo ungelala kwako kabisa, usikuje sherehe, ungenidai laki?"

"Mzee, hapo unalipia jina langu. Mtu akiona picha mbovu atasema ni mimi nilipiga."

"Sema ni mimi nilipiga."

"Haiwezekani. Wewe uko ndani ya—" Akaanza kupangusa kioo cha kamera kwa shati, kioo ambacho kilikuwa safi.

Nikamwambia elfu kumi. Akasema hamsini na tano. Nikainuka kuondoka, vile tunafanya sokoni, ili aniite nikiwa mlangoni. Hakuniita. Nikasimama mlangoni nikijifanya naangalia mvua, na mvua haikuwepo. Mwishowe ni mimi nilirudi. Halafu akaniambia jambo lililonitia baridi: mwisho wa mwezi hufuta picha zote za wateja waliomaliza kulipa, kwa sababu mashine yake imejaa. Zilikuwa zimebaki siku nne.

"Nitalipa," nikasema, "lakini utakuja Homa Bay umwambie mama yangu mwenyewe bei ya mdomo wake."

Alikubali haraka. Nadhani aliona mwanamke wa miaka tisini ni rahisi kuliko mimi. Hakuwa anamjua.

Alifika Jumamosi mchana na laptopu kwenye mkoba. Mama akaagiza apewe kwanza samaki na ugali. Aliponawa, mama akavuta kigoda mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akafungua mdomo, akasema kitu.

"Anasema uhesabu," nikamtafsiria.

"Nihesabu nini?"

"Meno ya chini, ya mbele."

Alichungulia kama mtu anayeangalia kisimani. "Mzee, hakuna."

"Anasema umejibu vizuri sana. Sasa anauliza, yale aliyoyaona kwenye picha uliyatoa kwa nani?"

Hapo kijana alianza kutoka jasho. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa anatoa vyombo, akasimama na sahani mkononi.

"Lazima nijibu?"

"Jibu."

"Ni yako, mzee."

"Ni yangu nini?"

"Meno. Nilitaka ya mtu wa familia ndiyo yafanane. Kuna picha ulikuwa unakula mfupa, mdomo ulikuwa wazi, yakatoka vizuri. Nikakata, nikabandika."

"Amesema nini?" mama akauliza. Mimi nilishindwa kutafsiri. Lugha ya mama yangu, niliyozaliwa nayo, na sikupata neno moja. Binti yangu ndiye alitafsiri, na hakumaliza. Alikaa chini na sahani yake akicheka mpaka akashika mbavu. Mama akanigeukia, akaniangalia mdomo kwa makini, kama anatafuta kitu chake kilichopotea.

Lakini mimi ni mtu wa biashara. Aibu ikipita, naona mlango. "Ulichukua meno yangu sita bila kuniuliza," nikamwambia. "Kila jino elfu kumi. Jumla sitini. Tumelipana. Toa picha."

"Mzee, nilitumia mara moja tu!"

"Hata lori langu ukilitumia mara moja unalipa."

"Na nililazimika kuyasafisha kwanza! Yalikuwa na rangi ya chai!"

Binti akatafsiri hilo pia, hakuna aliyemwomba. Mama akapiga makofi.

Kijana akashusha mabega. "Sawa. Hiyo moja nitatoa, lakini mzee, nakuonya. Mimi nilikuwa nakuficha."

Akafungua laptopu juu ya magoti ya mama. Na hapo alikuwa, mama yangu. Makunyanzi yote, nzi mmoja kwenye kilemba, na lile pengo wazi kama lango la boma asubuhi. Mama akaweka kidole kwenye kioo. "Huyu namjua," akasema.

Halafu mimi nikaona upande wa kushoto. Soli mbili za viatu, juu hewani.

Niseme ukweli, maana nimeshafika hapa. Siku ya sherehe niliinuka niwaambie watu vile nilianza maisha bila kitu. Niliegemea kiti cha plastiki, kikapasuka miguu, nikaenda chini mzima mzima na chupa ya soda. Niliamka haraka nikaendelea na hotuba, na nilikuwa nimeamua kwamba jambo hilo halikutokea. Sasa lilikuwa pale, kubwa, lina rangi. Suruali yangu imeachia mshono nyuma. Na kwenye soli ya kulia karatasi ya bei bado imebandikwa: shilingi elfu moja na mia mbili. Viatu hivyo nilikuwa nimeambia shemeji zangu wote ni vya elfu nane, vya Kisumu.

Ndiyo maana mama alikuwa anacheka. Na kwenye ile picha iliyotengenezwa, mahali pa soli zangu kulikuwa na nyasi na maua. Kijana alinitoa mimi, akabakisha meno yangu.

"Kwa heshima, mzee," akasema.

Nikamvuta kando mpaka kwenye ghala. "Sikiliza. Pengo la mama libaki. Hiyo miguu iondoke."

"Hiyo sasa ni kuediti, mzee."

"Basi editi."

"Kuediti tunalipia kando."

Kwa mara ya kwanza katika siku hizo zote sikuomba apunguze. Niliuliza tu ni ngapi. Nilikuwa nimeshaanza kutoa pesa mfukoni nilipomsikia mama akiita kutoka mlangoni. Masikio yake hayana miaka tisini.

"Mnaongea nini huko?"

"Anaondoa takataka, mama. Nyuma yako."

"Takataka gani? Miguu yako?"

Tukarudi. Nikakaa chini karibu naye nikamsihi kama mtoto. Nikamwambia hii ni picha ya matanga yake, itasimama barabarani, itaonwa na askofu, itaonwa na watu wanaonunua omena kwangu, na watu ambao wamepanga nyumba zangu.

"Na wewe ukitolewa," akasema, "nitakuwa nacheka nini? Bibi wa miaka tisini, peke yake, anachekea maua? Watasema akili iliondoka kabla yangu."

"Mama, bei ya kiatu inasomeka."

"Najua. Wajukuu wamenisomea mkiwa ghalani." Akamgeukia kijana na Kiswahili chake kidogo, ambacho hutumia sokoni tu. "Wewe. Acha hivyo. Mkubwa. Kwa frem."

Kijana akaniangalia mimi, mwenye pesa. Mimi nikaangalia ziwa. Nilimlipa elfu tano ya ile picha na frem, na ya meno tukasameheana. Zile nyingine ambazo hazijaguswa sikuzitaka tena. Nilimwambia azifute mbele yangu, na nilikaa pale mpaka ya mwisho, kwa sababu sikujua kamera yake iliona nini kingine.

Picha iko kwa mama, ukutani, ukiingia tu unaiona. Wageni husimama, wanaangalia pengo kwa heshima, halafu macho yanaenda kushoto. Shemeji mmoja aliinama kabisa asome soli. Mama huwaambia, "Huyo ni mwanangu, yule tajiri."

Na bado hajamaliza na mimi. Wiki iliyopita alinituma Migori kwa fundi wa kuchapa fulana, zile ambazo wajukuu watavaa siku ya matanga yake. Alitaka nimuulize kama picha nzima inatoshea kifuani, au itabidi miguu yangu ipelekwe mgongoni.

Nilimuuliza. Inatoshea kifuani.