Tairi la Nne la Mama Mkunga

Kwa miaka mingi walimwita Kipimo, na jina hilo alilipata kwa haki. Gari likisimama ng'ambo ya barabara, yeye, akiwa ameinama na spana mkononi, alitaja saizi ya matairi yake bila kuulizwa, kisha akaendelea kukaza nati. Wateja wabishi walivuka barabara kwenda kuhakikisha, wakarudi wamenywea. Karakana ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, aliyependa kutamba kwamba ana mashine mbili tu za maana: kompresa ya kujazia upepo na Kipimo.

Halafu macho yakaanza kumtupa mkono. Giza liliingia pembeni kwanza, likasogea katikati polepole. Daktari alimweleza kwamba ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone na kwa kuhudhuria kliniki bila kukosa. Kipimo aliitikia kila neno kama mtoto wa shule, akatoka nje, asirudi tena. Kliniki ilikuwa siku za kazi. Angeomba ruhusa, angeulizwa anaumwa nini, na fundi wa matairi asiyeona nani atamweka? Basi akamficha mkewe, akamficha na shemeji. Matone yalipokwisha hakutafuta mengine. Wahenga walikwisha sema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mtu mwenye hofu ana masikio ya kuwasikia wahenga?

Akajifunza kusoma kwa vidole. Namba za tairi huwa zimevimba juu ya mpira, nyeusi juu ya nyeusi, hata mwenye macho mazima huzitafuta. Yeye alijifanya anapangusa vumbi kwa kiganja, kumbe anasoma: upana, kimo cha ubavu, saizi ya rimu. Watu wakamsifu kwa usafi. Naye kila jioni alirudi nyumbani amechoka kwa kazi mbili, ya matairi na ya kudanganya, na ya pili ndiyo iliyokuwa ikimmaliza.

Ndipo akaja Mama Mkunga na gari lake la zamani, lile refu la kupandia milima, linalosukuma magurudumu yote manne kwa pamoja. Rimu zilikuwa zimepasuka kwa mawe ya njia za kwenda kwa wajawazito. Alitaka magurudumu mengine manne, tena yenye matairi mapana zaidi, maana mpwa wake alimwambia mapana ndiyo yanayopendeza. Kipimo akamweleza kwamba mapana yatasugua madigadi kila akikata kona, na kwa kuwa ni marefu pia, yataichosha injini mlimani.

"Mama, gari la makamo halivalishwi viatu vya kijana. Tulirudishie saizi yake."

Mama Mkunga akacheka, akakubali. Saizi yake ilikuwa mbili sita tano, sabini, rimu ya kumi na sita. Ushauri ulikuwa sahihi kabisa, na hilo ndilo linalouma. Shemeji alikuwa ametoka, Kipimo akaingia stoo peke yake kuchagua kwenye rundo la magurudumu yaliyotumika. Matatu ya kwanza hayakumsumbua. La nne lilikuwa limechubuka ubavuni. Kidole kikapapasa tarakimu ya katikati ya upana, kikahisi sita. Kikarudia, kikahisi sita tena, kwa sababu sita ndiyo kiliyokuwa kikiitafuta. Ilikuwa nne. Na kwa kuwa kimo cha ubavu huhesabiwa kutokana na upana, tairi lile lilikuwa fupi kuliko wenzake kwa karibu vidole viwili, jambo ambalo mwenye macho yeyote angeliona magurudumu yakisimamishwa pamoja.

Gari la namna ile halivumilii mguu mmoja mfupi. Giaboksi ilihangaika wiki kadhaa, ikapata moto, ikafia mlimani Mama Mkunga akienda kumzalisha mtu. Alimalizia njia kwa miguu. Mzazi na mtoto walipona, kwa rehema tu, na kesho yake gari likaja karakana likivutwa.

Mama Mkunga hakugomba. Alisema tu kwamba fundi wa kule mlimani amemwonyesha tairi moja si saizi. Shemeji akakataa katakata, akasema Kipimo hakosei, akalifungua gurudumu mwenyewe na kulivingirisha hadi miguuni pa Kipimo.

"Shemeji, msomee mama namba."

Wote walikuwa wakimtazama, kiganja hakikuwa na pa kujificha. Akainama, akasema mbili sita tano.

"Fundi," Mama Mkunga akasema taratibu, "upande huu haujachubuka. Ni mbili nne tano."

Kicheko cha shemeji hakikusikika tena siku ile. Alifunga karakana mchana kweupe, akamshika Kipimo mkono, akampeleka hospitali. Daktari alimulika jicho hili, akamulika lile, akachukua muda mrefu. La kulia lilikuwa limebakiwa na mwanga tu. La kushoto lilikuwa karibu kulifuata, na dawa sasa ilikuwa imebakiwa na kidogo mno cha kulinda.

Walipokaa kwenye benchi la nje shemeji akauliza tangu lini, na Kipimo, kwa mara ya kwanza, akasema yote.

"Si ungeniambia," shemeji alisema. "Ningekuwa nakuleta mimi mwenyewe. Ningekuwa nakungoja hapa hapa."

"Niliogopa utanifukuza."

"Nikufukuze uende wapi, shemeji?"

Maneno ya daktari Kipimo alikuwa ameyabeba, haya hakuyaweza. Laiti shemeji angemtukana. Laiti angemfukuza pale pale, angalau angejua hakupofuka bure.