Noti ya Nne ya Mwalimu Rwamba

Sisi watu wa besi katika kwaya yetu ya Manyatta tuna sifa moja: tukishazoea kitu, kutung'oa hapo ni kazi. Ndiyo maana wimbo wa Mwalimu Rwamba ulikaribia kufia mikononi mwetu.

Rwamba ametufundisha nyimbo za watu wengine tangu nikiwa kijana. Huu, wimbo wa shukrani ya mavuno, ulikuwa wa kwanza kuutunga mwenyewe, na alitamani tuuimbe kwenye tamasha la makwaya mjini Meru. Shida ilikuwa noti ya nne. Sote tumelelewa na do, re, mi, fa, na kutoka mi kwenda fa ni hatua fupi. Rwamba alitaka tuivuke fa, tutue nusu hatua juu yake. Kila tukifika hapo tunaangukia fa ile ile ya siku zote, kwa pamoja na kwa sauti kubwa. Misheck wa kinanda hakusaidia. Yeye hucheza kila wimbo kwa vitufe vyeupe, akianzia do; mkitaka sauti ipande au ishuke, anabonyeza kitufe cha pembeni, kinanda kinajirekebisha chenyewe. Vitufe vyeusi kwake ni mapambo.

"Mwalimu, hiyo noti iko nje ya key," mwenyekiti wetu, Mzee Njeru, akamwambia. "Ikikataa tena Jumapili, tutaenda Meru na ile wimbo ya mwaka jana."

Rwamba akajibu, "Sawa, mzee," lakini machozi yalimlengalenga. Mimi nilikasirika. Miaka yote hiyo ametubeba, halafu wimbo wake mmoja tunauua kwa uvivu wa koo!

Jumapili baada ya ibada alitujia na uso mwingine kabisa. Alikuwa amesoma kwenye simu habari za ngazi za zamani za muziki.

"Wimbo wangu uko na jina," akasema. "Uko kwa ngazi ya Lidia."

"Lidia yule wa kwenye Biblia, wa kuuza nguo za zambarau?" akauliza Kaari wa alto. Tukacheka.

"Wacha mchezo, Kaari. Misheck, leo usianze na do. Anza na fa, halafu panda na hizo nyeupe zako tu."

Misheck akapanda: fa, so, la, ti, do, re, mi, fa. Nywele zilinisimama. Noti ya nne ilikuwa ile ile iliyotutesa, na hakugusa kitufe cheusi hata kimoja!

"Mmesikia? Nilikuwa nawaambia nyumbani kwa wimbo, pale unapotulia, ni do, halafu nawapandishia fa. Kumbe nyumbani ni fa yenyewe. Ya nne ni ti, na ti mnaijua."

Misheck akabonyeza kitufe chake, akateremsha wimbo ukatutosha. Hata hivyo, soprano walipofika ti walivutwa kwenda do, wakataka kuishia huko. Rwamba akatugeukia sisi wa besi. "Nyinyi shikeni fa. Msitoke hapo hata mkisukumwa." Kazi hiyo tuliiweza bila kufundishwa. Soprano wakapanda juu yetu, wakagusa ti, wakarudi fa, na wimbo ukang'aa. Mzee Njeru alivua kofia, akasema twende nao.

Kule Meru tuliuimba vile vile, na akina mama wakapiga vigelegele kabla hatujamaliza ubeti wa mwisho. Furaha yangu siwezi kuificha: nilitaka kuruka jukwaani!

Baadaye, kwenye foleni ya chai, wanakwaya wa kanisa moja la huko walikuwa wakiuimba wimbo huo kwa midomo iliyofumbwa, na noti ya nne hawakuiangusha.

"Hiyo ni ya mwalimu wetu!" Mzee Njeru akawapigia kelele. "Ametunga mwenyewe!"

Rwamba aliweka kikombe chini, akawaendea, akaanza kuwafundisha sauti ya besi.