Zuhura na Mizania ya Shamba la Ukoo

Binamu yangu Zuhura ana miaka arobaini na sita, aliishia darasa la saba hapa hapa Kinole, na mwaka huu amesoma uhasibu kwa simu. Naanza na hilo kwa sababu kijiji hiki kina watu waliomcheka, nawajua kwa majina, na ningependa waanze kuona haya mapema.

Yeye ni mtoto wa shangazi yangu na mimi ni mtoto wa mjomba wake, kwa hiyo sisi ni watani. Nina ruhusa ya kumwita mlafi na kikongwe mbele za watu, naye ana ruhusa ya kunijibu zaidi ya hapo. Basi mkinisikia nikimsifu, mniamini. Mtani hasifu bure.

Zuhura analima mdalasini, pilipili manga na machungwa kwenye shamba la ukoo wao. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Shamba lile lilikuwa la mama yake, na kabla yake la bibi yake, na msemaji wake, yaani mwenye neno la mwisho juu ya ardhi hiyo, ni mzee Abeid, baba yangu, kwa kuwa yeye ndiye mjomba. Mimi niliyezaliwa na msemaji mwenyewe sina changu pale. Kwangu ni kwa ukoo wa mama yangu, ng'ambo ya mto. Ndivyo ilivyo, na sijawahi kulalamika, ila msimu wa machungwa huwa nalalamika kidogo.

Masomo yalianza hivi. Kikundi chetu cha wakulima wa viungo kinamuuzia mnunuzi mmoja wa Morogoro mjini. Mwaka huu akatuma neno kwamba atakilipa kikundi kizima kupitia benki, na kwamba mhazini lazima awe na cheti cha uhasibu, hata kile cha mwanzo kabisa. Tukimkosa mtu wa namna hiyo, yeye atatuletea wa kwake kutoka mjini aje atushikie hesabu. Watu wote mkutanoni wakainamia kandambili zao. Kushikiwa hesabu na mgeni ni sawa na mgeni kukupakulia ugali nyumbani kwako mwenyewe, lakini nani asome? Zuhura peke yake ndiye aliyeuliza, "Hicho cheti kinasomewa wapi?"

Akaambiwa kuna kozi ya utangulizi, kwa Kiswahili, inatolewa mtandaoni na chuo kimoja cha Dar es Salaam. Mkutano wa kumchagua mhazini ukapangwa baada ya mavuno ya pilipili manga.

Sasa, mtandao huku milimani ni wa kubahatisha. Kwenye kibaraza changu, ninapouza chai na vitumbua, unakamata vizuri, lakini kwenye kona moja tu, kati ya mtungi wa maji na gunia la mkaa, tena mpaka uchuchumae. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," nilimwambia siku ya kwanza, nikampa kigoda. Akakaa hapo kila alasiri akitoka shambani, kucha zikiwa bado na rangi ya maganda ya mdalasini.

Stambuli, jirani yangu, alikuwa akija kunywa chai anamuuliza, "Vipi meneja, benki umefungua?"

"Bado," Zuhura alimjibu bila kuinua macho. "Ila siku ukija kukopa nitakunyima."

Mimi nilisoma kwa kusikiliza. Nilijua debiti inakaa kushoto na krediti kulia, na kwamba kila jambo huandikwa mara mbili, pale lilikotoka na pale lilikokwenda. Siku moja binamu yangu alinipigia hesabu za vitumbua bila kuombwa, akaniambia kuni sizihesabu kwa sababu ninaziokota mwenyewe, kana kwamba mgongo wangu ni wa bure. Nilinuna mpaka jioni. Halafu nikaona ni kweli, na nikajisikia fahari kwamba mwenye akili hizo ni wa kwetu.

Mitihani midogo yote alifaulu. Ikabaki kazi ya mwisho: kuandaa mizania ya biashara yake mwenyewe. Upande mmoja unaweka mali ulizonazo, upande wa pili unaweka madeni unayodaiwa pamoja na mtaji wako, na pande mbili zilingane. Zuhura akaandika miti yake, maana kwetu mti ni wa aliyeupanda. Akaandika ngazi, mizani na mikeka ya kuanikia. Alipofika kwenye shamba lenyewe, akasimamisha kidole.

"Shamba si langu," alisema. "Nimekabidhiwa tu. Kilichokabidhiwa hurudishwa, na cha kurudishwa ni deni."

Akaliweka shamba zima kwenye madeni, kwa thamani ya viwanja vinavyouzwa siku hizi kule barabarani. Akatuma.

Majibu ya Mwalimu Godfrey wa kule chuoni yalikuja kesho yake. "Dada Zuhura, kwa mizania hii wewe umefilisika. Madeni yamemeza kila kitu. Rekebisha kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo sitaweza kukupitisha."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai ya mteja. Mwanamke anayejaza magunia kuliko wanaume wanne wa kijiji hiki, kafilisika! Zuhura hakucheka. Mkutano ulikuwa Jumamosi.

Akampigia mwalimu simu, kaiweka sauti ya juu. Mwalimu Godfrey ni kijana kwa sauti yake, na mpole. "Kumbe ni shamba la familia," alisema. "Basi dada, liondoe kwenye madeni, uliweke kwenye mali. Mstari mmoja tu, umefaulu."

"Andika!" nilimnong'oneza. "Nani atapanda mlima kutoka Dar kuja kukagua?"

Zuhura alikata simu kwa adabu, akaniita kwa jina langu. "Mosi, lile shamba la nani?"

"La kwenu."

"Kwetu nani?"

Nikaanza kumtajia: marehemu mama yake, dada zake, watoto wa dada zake, na watakaozaliwa na hao.

"Basi ukiniambia niandike langu, unaniambia niwaibie hao wote. Bora nikose cheti."

Nilikasirika kweli kweli. Nilimwambia kichwa chake kigumu kuliko jiwe la kusagia, kwamba atatuponza wote, kwamba mgeni wa mjini atakuja kutushikia hesabu kwa sababu ya mstari mmoja ambao hakuna atakayeuona. Akaniachia niseme mpaka nikaishiwa. Ijumaa baada ya swala akarudi kwenye kigoda, akamrekodia mwalimu maelezo marefu: ardhi yetu inavyofuata mama, mti ulivyo wa mpandaji, na yeye asivyoweza kuuza wala kurithisha hata upana wa jamvi. "Mwalimu," akamalizia, "sijui niliweke wapi. Nifundishe."

Jibu lilichukua muda, na mimi niliunguza vitumbua viwili nikilisubiri. Kisha sauti ikaja. "Dada, ahsante kwa kunieleza, sasa nimekuelewa. Kitu usichokimiliki hakiingii kwenye mali zako. Na kwa vile hakuna anayekudai thamani yake, si deni pia. Kitoe kwenye pande zote mbili. Halafu chini ya mizania andika maelezo kwa maneno, ili kila msomaji ajue unalima kwenye ardhi ya nani. Hiyo ni kanuni ya uhasibu, ipo somo la nane."

"Somo la nane," Zuhura alisema, "niliharakisha. Ndiyo siku ile uliyonipigia kelele nikupishe uchukue mkaa."

Akaandika, akatuma, na kabla ya magharibi cheti kikaingia kwenye simu.

Lakini maneno ya kibarazani hayakai kibarazani. Baba yangu alikuwa ameshaambiwa kwamba mpwa wake anaongea na mwanamume wa Dar kuhusu thamani ya shamba la ukoo. Na siku hizi, huku kwetu, ukisikia ardhi na simu katika sentensi moja, unajua shamba limeuzwa na kuna mtu analia. Jumamosi, kabla ya kura, mzee Abeid akasimama mbele ya kikundi kizima.

"Shikamoo mjomba," Zuhura alisema.

"Marahaba. Kabla hawajakuchagua, tusomee ulichoandika kule Dar kuhusu shamba letu."

Hata Stambuli aliacha kutafuna. Mimi nikainamia kandambili zangu, maana ule mstari niliomshauri aandike ndio aliokuwa anaulizwa.

Zuhura akafungua simu, akasimama wima. "Ardhi ya shamba hili ni ya ukoo wa mama yangu," akasoma. "Mwenye hesabu hizi amekabidhiwa kulima. Hawezi kuiuza wala kuiweka rehani, na baada yake wataendelea watoto wa ukoo."

"Soma tena," baba alisema.

Akasoma tena, polepole zaidi.

"Na hayo wameyapokea huko?"

"Wameyapokea, mjomba. Na cheti wamenipa."

Baba yangu akawageukia wanakikundi. "Mimi nimezeeka," alisema. "Nimetafuta sana mpwa wa kumkabidhi usemaji wa ardhi ya ukoo, nikawa nawaangalia wavulana. Sitafuti tena."

Akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi la mbele, upande wake wa kulia, na kutoka hapo hapo akanyoosha mkono wa kwanza kumpigia kura.