Madebe ya Mama Ekiru

Debe la mafuta ya kupikia likikaa juani siku nyingi huwa na harufu yake ya pekee: uchachu wa mafuta yaliyoganda kwenye pembe, kutu inayoanza kula bati, na vumbi la moto ambalo huko Lodwar huingia kila mahali, hata ndani ya kitu kilichofunikwa. Utoto wangu una harufu hiyo. Nyumba yetu ya serikali, ya mawe na mabati, ilikuwa upande wa mji unaoelekea mto Turkwel. Nyuma ya ua wetu ilipita laga, mkondo wa mchanga uliokosa maji karibu mwaka mzima, na ukingoni mwake kulikuwa na kibanda cha mviringo cha makuti ya mkoma. Upepo wa asubuhi ulipovuma kutoka huko, harufu ya madebe ilitufikia kabla ya harufu ya chai. Mama yangu, aliyelelewa Bungoma kwenye majani mabichi na ambaye hakuwahi kuuzoea mchanga, alikuwa akifunga dirisha na kusema, "Mama Ekiru ameamka."

Mama Ekiru alikuja mjini wakati wa ukame uliotangulia, bila mbuzi na bila mtoto. Ekiru ni jina la mtoto aliyezaliwa siku ya mvua. Alimzika karibu na mahali palipokuwa pakigawiwa chakula cha msaada. Alipata kazi ya kufagia uwanja wa zahanati ambayo baba yangu alikuwa karani wake, na kila jioni akirudi alikuwa na kitu mkononi: debe, kopo la maziwa ya unga, gunia, chupa ya dawa, kifuniko kisicho na chombo chake. Aliyapanga madebe ndani ya kibanda hadi yakagusa paa, akajiachia nafasi ya urefu wake mwenyewe ya kulala. Ndani kulipojaa, akaanza kuyapanga nje. Hakuna hata moja lililokuwa na kitu ndani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na siku moja nilimuuliza ni ya nini. "Ya kuwekea," alisema. Kuwekea nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua ni la nini. "Itakuja kitu."

Alinipenda, nadhani kwa sababu nilikuwa na subira na vifuniko. Mchana wa likizo tulikaa kwenye kivuli chembamba cha kibanda chake tukitafuta kifuniko cha kila kopo, na kimoja kilipokubali kushika alicheka kwa sauti ndogo, kama anayecheka kanisani. "Ejok, toto ya karani," alinisalimu kila asubuhi, nami nikajibu, "Ejok nooi," kwa matamshi yaliyomchekesha zaidi. Kwa hiyo alipopata nafasi kwenye lori la misheni kwenda Kakuma kumwona dada yake, Napeyok, ni mimi aliyeniachia nyumba.

"Chunga," aliniambia. "Mtu asiingia. Hata kuku."

"Hata mimi?"

Alifikiri. "Wewe ingia. Wewe iko na macho nzuri. Lakini mkono acha nje."

Nikaahidi.

Siku mbili baadaye mdogo wangu aliumwa na nge aliyejificha chini ya debe moja. Alilia hadi sauti ikakauka, na mama yangu, baada ya kumkanda mguu, alisimama dirishani muda mrefu akikitazama kibanda kile. Hakuwa na hasira. Ningependa hilo lieleweke, kwa sababu yaliyofuata yalifanywa kwa upendo mtupu. Aliwaita akina mama wanne wa kanisani, wote wake za watumishi wa serikali waliohamishiwa huko kutoka "Kenya," kama Waturkana walivyoziita sehemu zetu za kusini, na Jumamosi asubuhi wakaja na mafagio wakiimba. Mwenzao mpweke angerudi akute nyumba safi. Nilimshika mama kanga nikamwambia kwamba niliambiwa nichunge. "Na ndivyo unavyofanya," akanijibu. "Kuchunga nyumba ya mtu ni kuisafisha." Niliamini, au nilitaka kuamini, kwa maana watoto wa jirani walikuwa wameshaanza kuyapiga madebe kama ngoma, na mimi sikutaka kubaki nyuma. Nilibeba mengi kuliko wote. Kufikia alasiri yote yalikuwa shimoni nyuma ya zahanati. Tulinyunyiza maji sakafuni, tukatandika mkeka mpya, tukaomba, tukaenda kunywa chai.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba nyumba ya mwanamke wa Kiturkana hutoka mikononi mwake. Yeye huijenga, yeye huibomoa siku ya kuhama, yeye hupakia vyombo juu ya punda kwa mpangilio wake, na hata mumewe hang'oi ufito bila yeye. Sisi tulizoea nyumba za mawe ambazo leo ni zako, na kesho, barua ya uhamisho ikija, ni za mwingine. Tuliingia mle kama watu wanaofagia chumba, kumbe tulikuwa tumeingiza mikono ndani ya mtu.

Jumatatu alishuka kwenye lori, akanisalimu, akaingia, akatoka. Hakulia. "Nilikuambia mkono acha nje," alisema, kisha akaketi mchangani kuuelekea mlango wake na hakusema tena. Aliketi hapo juani siku hiyo na siku iliyofuata. Mama alimpelekea uji, nzi waliunywa. Watoto wale wale tuliocheza nao ngoma wakawa wanapita mbali kidogo wakiimba, "Mama Debe! Mama Debe! Debe limeenda wapi?" nami nikajificha nyuma ya tangi la maji ili asije akanitazama. Jumatano baba alirudi na barua. Daktari alikuwa amekubali kwamba Mama Ekiru apelekwe hospitali kubwa ya Nairobi, ya wagonjwa wa akili, kwa gari la serikali ambalo lingeondoka Ijumaa.

"Aliyepelekwa mwaka juzi hakurudi," baba alisema, akiiweka barua juu ya meza kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Kwa hiyo tumemuua kwa ufagio?" mama akauliza.

Dereva wa lori ndiye aliyefikisha habari Kakuma. Alhamisi asubuhi, kabla jua halijapanda vizuri, mwanamke mrefu mwenye shanga hadi kidevuni aliingia uani kwetu bila hodi, akimvuta punda aliyemwazima kwa jamaa zake kando ya Turkwel. Alikuwa Napeyok.

"Ejok," alisema. "Nani alifagia nyumba ya dada yangu?"

"Ni mimi," mama akasema. "Tulitaka kumsaidia."

"Umesaidia sana. Sasa na mimi nisaidie wewe? Niingie hapa, nitoe kabati, nitoe sufuria, nitoe bwana, niwekee wewe mkeka mpya?"

Baba, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake, alirudi ndani haraka. Na mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akishindwa neno, alicheka huku machozi yakimtoka. "Niambie nifanye nini," akasema.

"Leta yote. Halafu kaa chini."

Niliingia shimoni mimi wa kwanza. Bati lilinikata viganja, na hadi leo nina alama chini ya kidole gumba cha kushoto. Wale mama wa kanisani walikuja pia, safari hii bila kuimba, na tukayapanga madebe yote mchangani, safu kwa safu, mbele ya mwanamke aliyekuwa haangalii. Napeyok alimfunga punda vikapu viwili vya fito, kimoja kila ubavu. Kisha akasema, kwanza kwa Kiturkana na halafu kwa Kiswahili ili nasi tusikie, "Tunahama. Punda hii iko na mbavu mbili tu. Chagua."

Mama Ekiru akasimama. Hadi alasiri ilikuwa kazi ya kuchagua. Aliokota debe, akaligeuza, akalinusa, akalirudisha. Akaokota lingine, akalipeleka kwa punda. Hakuna aliyemharakisha. Jua lilitupiga utosini, punda akahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, na Napeyok alikaa akitafuna tumbaku kana kwamba hakuwa na mahali pengine pa kwenda duniani. Vikapu vilipojaa alisema tu, "Imejaa. Ukiweka moja, toa moja." Hapo ndipo Mama Ekiru aliposimama katikati ya safu na kopo dogo lililokunjamana, akamgeukia mama yangu, ambaye alikuwa ameketi chini kama alivyoagizwa.

"Siku ile walikuwa wanagawa mafuta," alisema. "Mimi sikuwa na kitu ya kuwekea. Wakasema, enda tafuta. Nikaenda. Nikarudi na hii kopo. Mafuta ilikuwa imeisha."

Jina la Ekiru hakulitaja. Mama yangu aliiacha mikono mapajani. Kopo lile likaingia kikapuni, na debe kubwa likatoka.

Alasiri wale dada wawili walibomoa kibanda, wakapakia fito na makuti, wakahama. Walihama hatua themanini, nilizihesabu. Walivuka laga, wakasimama upande wa pili penye mgunga mmoja, na kabla ya magharibi nyumba ilikuwa imesimama tena, na Mama Ekiru alikuwa ndani yake akinywa uji wa mama yangu. Yale yaliyoachwa mchangani hakuyageukia. Aliniita mara moja tu. "Toto ya karani. Shika." Lilikuwa kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko chake. Niliuliza, kwa woga, ni la nini. "Ya kuwekea," alisema, na nikajua kwamba alikuwa ananisemesha tena. Ijumaa baba alimrudishia daktari barua. Alimwambia kwamba mgonjwa amehama, na gari likaondoka bila yeye.

Sitaki kudai kwamba alipona. Madebe yalirudi. Kabla ya mwaka kwisha, kibanda kilikuwa kimejaa tena hadi paa, na Napeyok akaja tena na punda, akasema maneno yale yale, na dada yake akahamia hatua nyingine mia, karibu na mto. Kwa muda tuliokaa Lodwar alihama mara tatu. Kila mara mama yangu alikwenda kuketi mchangani pamoja nao, na hakugusa kitu asichopewa.

Sasa nina umri unaoupita ule wa mama yangu wa siku zile. Nilisoma chuoni kazi ya ustawi wa jamii, na mwaka jana, 2012, nikarudi Lodwar kufanya kazi na kikundi kinachowasaidia majumbani watu wenye maradhi ya akili na wale wasioweza kuachana na vitu. Tuna mafaili, tuna wahudumu wa kujitolea, na kila Alhamisi gari hunipeleka Kakuma. Kakuma ya Napeyok ilikuwa maduka machache na manyatta kando ya mto Tarach. Leo kambi ya wakimbizi imeifanya iwe mji ambamo kabla ya saa sita mchana unaweza kusalimiwa kwa lugha saba. Huko ndiko nilikokutana na Mama Zawadi, mkimbizi kutoka Kongo, ambaye mifuko ya plastiki na nguo kuukuu zilikuwa zimemsukuma hadi kizingitini mwa nyumba yake. Majirani waliogopa moto. Kiongozi wa mtaa alikuwa amempa hadi Ijumaa. Baada ya hapo vijana wangekuja kutoa kila kitu. Nami nilikwenda nikiwa na uhakika mkubwa, kwa sababu nilikuwa na dawa yangu ya utotoni. "Mama," nilimwambia, "tuseme kesho tunahama. Ungebeba nini?"

Alisimama mara moja. Alianza kufunga mifuko, mmoja juu ya mwingine, yote. "Tunahama tena?" aliuliza. "Banatufukuza? Tunaenda wapi sasa, mama, tunaenda wapi?"

Nilikuwa nimefagia nyumba yake kwa ulimi. Kwa Napeyok, kuhama kulikuwa ndiyo maisha yenyewe, kufuata majani na maji. Kwa Mama Zawadi, kulikuwa ni mlango unaovunjwa. Punda yule hakuwa wangu wa kumwazima. Ilituchukua hadi jioni, mimi na mhudumu mmoja wa kwao, kumtuliza, na ilinibidi nimwombe kiongozi wa mtaa kama mama yangu alivyomwomba Napeyok: niambie nifanye nini. Tukakubaliana kwamba njia ya kufika mlangoni iachwe wazi, na Ijumaa ikapita. Tangu hapo kila Alhamisi mimi huketi chini, mikono mapajani, na Mama Zawadi hunionyesha kimoja au viwili na kunisimulia vilikotoka. Ripoti zangu ni fupi mno, na mkubwa wangu amenilalamikia.

Zamani tulikuwa na mafagio matano na Jumamosi moja. Leo tuna elimu, gari na majina mapya ya maradhi ya zamani, na hilo ni jema. Lakini ile Ijumaa bado ipo, na bado kuna mtu mwenye moyo mzuri aliyesimama dirishani akiwaza jinsi ya kumsafishia mwenzake. Mara nyingi mtu huyo ni mimi.

Miezi miwili iliyopita, nilipoinuka kwenda kwenye gari, Mama Zawadi alinipa mfuko mweusi uliofungwa mafundo manne. "Mama wa Lodwar," alisema, "unichungie huu. Usifungue." Nilisafiri nao magotini hadi nyumbani, nikauweka kwenye rafu kando ya kopo la maziwa ya unga. Kila Alhamisi naenda nao Kakuma. Yeye huubonyeza, huyahesabu mafundo, kisha hunirudishia. Mafundo ni manne. Mkono wangu nimeuacha nje.