Raihana Huwarudishia Watu Sebule Zao

Ni saa mbili asubuhi, mtaa wa Nyakabanda, na sebule nzima ya Mzee Benon imehamia uani. Makochi yameegemezwa ukutani, feni mbovu zinaota jua, na redio zimetapakaa mkekani. Katikati amesimama Raihana Uwase, kilemba kimekazwa, gunia tupu begani, anacheka.

"Kwanza tunatoa vyote," anasema. "Kitu kikikaa ndani unakizoea, hukioni tena. Kitoe juani, kitakwambia chenyewe kwamba ni takataka."

Raihana, mwenye umri wa miaka 41, hupanga nyumba zilizoelemewa na vitu. Awali alikuwa akifunga vyombo katika kampuni moja ya kuhamisha mizigo huko Muhima. Huko alishangaa kuona familia zikihama na maboksi ambayo hayajafunguliwa tangu zilipohama mara ya mwisho.

"Nauliza, 'Mama, humu mna nini?' Hajui! Na sisi tunakipandisha kilima kitu ambacho mwenyewe hakijui."

Siku moja mteja alimwomba abaki lori likishaondoka, wapange pamoja. Jirani akaona, naye akamwita. Sasa kazi ya siku humpa faranga elfu ishirini, na ni nadra wiki kupita bila simu.

Leo kuna haraka. Jumamosi hii wanakuja wageni wa posa ya Gwiza, binti pekee wa Mzee Benon, na sebuleni hapakuwa na pa kuweka hata viti vinne. Mzee ni fundi umeme mstaafu. Tangu alipofiwa na mkewe amekuwa akikusanya vifaa vibovu, akijiahidi kuvitengeneza. Gwiza akaanza kutafuta ukumbi.

"Binti yangu aposwe kwenye ukumbi wa kukodi, na mimi niko hai?" anasema mzee. Ndipo alipokubali Raihana aitwe.

Raihana hagusi kitu bila ruhusa. Huanza na visivyo na uchungu: madumu yaliyopasuka, nyaya, vikombe visivyo na mikono. Kisha huweka vya aina moja pamoja. Hapo ndipo mzee anagundua kuwa ana pasi kumi na moja.

"Kumi na moja!" anashangaa, akijishika kiuno. "Na shati langu lina makunyanzi!"

Lakini Raihana anaponyanyua redio moja ya kahawia, mzee anamnyang'anya. "Hii hapana. Iko nzima hii."

"Inaongea?"

"Itaongea."

"Ilikuwa ya mama Gwiza?"

Mzee anaitikia kwa kichwa. Raihana anaipangusa vumbi taratibu, kisha anamwonyesha rafu moja iliyo wazi. Hii ni yako, anamwambia, weka upendacho. Ikijaa, kikiingia kimoja, kingine kitoke.

"Nikivichukua kwa nguvu, nikiondoka ataokota mara mbili," anaeleza baadaye.

Baada ya redio kupata mahali, mambo yanakwenda mbio. Mzee mwenyewe anawapigia simu mafundi wa mtaani. Wanakuja na mkokoteni, naye anawaonyesha feni zipi zitafufuka na zipi za kung'oa vipuri tu. Alasiri yuko langoni, anawaita majirani, "Njooni mchukue pasi!"

Jioni Gwiza anarudi kutoka kazini. Anasimama mlangoni, mdomo wazi.

"Baba, tumeibiwa?"

Mzee anacheka mpaka machozi. Anamshika binti yake mikono, na wawili hao wanacheza katikati ya sebule, bila muziki wowote, huku Raihana akiwapigia makofi.

Jumamosi wageni walikuja, wakaketi wote ndani. Posa ikakubaliwa.

Raihana sasa anatafuta chumba cha kukodi hapo hapo Nyakabanda, apokee vitu vizima ambavyo watu hawavihitaji na kuviuza kwa bei ya chini.

"Kuna mtu leo anaanza maisha, chumba chake kina godoro tu," anasema, akikunja magunia yake. "Na jirani yake hawezi kufungua mlango kwa wingi wa vitu. Nataka hao wawili wakutane."