Mume wangu na jirani wa dukani wanameza dawa moja

Admin, nifiche jina, maana Kariakoo tunajuana. Nina miaka 41, mama wa watoto watatu. Mimi na mume wangu tunauza vitenge vya jumla.

Mwaka jana damu ilimganda mguuni, akaanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Duka la pili kutoka letu kuna mama mjane anauza mashuka, naye anameza dawa hiyohiyo kwa ajili ya moyo. Hapo ndipo balaa langu lilipoanza. Siku ya kliniki ya kupima damu wanaongozana. Jioni tukifunga duka namsikia, "Baba Joy, umemeza?" Mume wangu anacheka, "Nameza sasa hivi, dada." Mimi nimesimama pale na funguo kama mlinzi. Nikipika mchicha mwingi, eti dada kasema mboga za majani zisizidi ghafla. Nilimchukia yule mwanamke, sifichi.

Juzi kati mume wangu akashikwa na mgongo kwa kubeba marobota. Nikataka kumnunulia diklofenaki, akakataa. "Dada kasema dawa za maumivu hazipatani na hii, mpaka niulize kliniki." Dada! Mke ni nani hapa? Nikaenda duka la dawa, nikanunua, nikampa nikimwambia ni vitamini. Kwa siku tano. Mgongo ukatulia, nami nikatamba moyoni.

Siku ya sita alipiga mswaki, fizi zikatoka damu isiyokata. Akaniambia na choo ni cheusi kama lami. Mimi nikamwambia apumzike, akaja dukani hivyohivyo. Yule mama alipomwona dukani tu, akafunga lake, akaita bajaji, tukaenda wote hospitali.

Daktari akauliza kama ametumia dawa nyingine. Mume wangu akasema, "Vitamini tu, za mke wangu." Daktari akanigeukia, "Vitamini gani?" Jirani ananitazama. Nikajibu, "Za kawaida."

Ameongezewa damu, yuko wodini, na madaktari bado wanatafuta chanzo. Leo asubuhi kanishika mkono: "Mama Joy, dada naye ana maradhi yake, tusimchoshe. Kuanzia sasa dawa zangu zote shika wewe, nitameza utakachonipa."

Mwaka mzima nililia kwa wivu nikitaka kusikia maneno hayo. Nilipoyasikia nililia tena, akadhani nimefurahi.

Ndugu zangu, najua daktari lazima aambiwe. Lakini mume wangu nitamwambiaje, na atakubali kumeza nini tena kutoka mkononi mwangu? Nishaurini leo, nipo nje ya wodi.