Kisanduku cha Watoto wa Marehemu

Karani wa vibali vya mazishi hupuliza kibodi kabla ya kila jina kama anayepoza chai, kisha huchapa kwa kidole kimoja. Kwenye kisanduku cha watoto wa marehemu, dada mtu alikwama. Marehemu kaka yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. “Sijui, baba. Mungu ndiye ajuaye. Weka sifuri, tukazike.” Kidole kikabaki hewani. “Sifuri ni kusema hana, mama. Wewe umesema hujui. Kwa asiyejua, tunaacha kitupu.” Kompyuta ikakataa kwa maandishi mekundu. Karani akaipuliza, akabonyeza tena, na kibali kikatoka. Nyuma kwenye foleni mwanamke akakohoa. “Jaza watatu, kaka.” Dada mtu akageuka, akaiona pua ya marehemu mara tatu, kwenye nyuso za watoto walioshika kanga ya mwanamke yule.